Elfu 65 kwa kichwa kwenda Bagamoyo, watoto wamerudi na nguo za kuogelea kavu

Wakuu, naandika hapa miguu bado inauma na hasira haijaisha, kwa hiyo mnivumilie.

Likizo hii ya Desemba, na joto la Dar mnalijua, watoto walinililia niwapeleke baharini. Coco wameichoka, Kigamboni wameichoka. Binti yangu wa kidato cha pili akasema anataka Bagamoyo, maana wameisoma darasani. Mimi kwa uvivu wangu wa kupanga nikadaka tangazo kwenye group la WhatsApp la mtaani: Bagamoyo siku moja, elfu 65 kwa kichwa, usafiri, viingilio, mwongozaji, chakula cha baharini na kuogelea humo humo. Tuko wanne, piga hesabu mwenyewe: laki mbili na sitini. Na Bagamoyo si mbali jamani, ni kama kilomita 70, magari yapo Makumbusho kutwa nzima na nauli haifiki elfu tano. Nililipa ili mtu mwingine anifikirie. Ndicho kinachoniuma.

Tuliambiwa saa kumi na mbili kamili tuwe Mwenge. Nilikuwepo, na mtoto mdogo yuko mgongoni kwa mama yake anasinzia. Coaster imeng'oka saa tatu na nusu. Jamaa mwenye safari alikuwa anasubiri viti vijae, kama daladala! Tegeta tukasimama kuweka mafuta, Bunju tukasimama kumpakia shemeji yake na spika kubwa iliyokaa kwenye siti niliyolipia ya mwanangu. Bagamoyo tumeingia saa tano.

Ratiba aliyotutumia ilisema magofu ya Kaole asubuhi, mji mkongwe mchana, bahari jioni. Ratiba nzuri kabisa. Lakini kwa kuwa tulichelewa, bwana mratibu akaipindua kichwa chini: tuanze na bahari "watoto wapoe kwanza".

Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Kwa aliyekulia Pwani hiyo tu inatosha. Ni bamvua, siku ambazo bahari inajaa na kupwa kuliko kawaida, na kwenye bamvua huku kwetu maji yanakuwa yamekupwa mwisho kabisa saa nne, saa tano hivi, halafu yanajaa saa kumi, saa kumi na moja jioni. Tumeshuka kwenye gari watoto wameshavaa nguo za kuogelea, mbele yetu hakuna bahari. Kuna matope, ngalawa zimelala ubavu, na kaa wanakimbizana. Maji yenyewe ni mstari mwembamba huko mbali. Mwanangu wa kiume akatembea, akatembea, mpaka nikamwona mdogo kama kidole, na maji yalikuwa bado hayajamfika magotini. Mzee mmoja alikuwa kivulini anashona nyavu, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akatutazama na maboya yetu ya plastiki, akauliza, "Nani kawaleteni saa hizi, mwanangu?" Nikanyoosha kidole. Mzee akatikisa kichwa tu akaendelea na nyavu zake.

Kujua maji yanajaa saa ngapi ni bure. Majedwali yapo, wavuvi wapo, mwezi uko juu kila mtu anauona. Mtu unauza safari ya bahari hujatazama bahari?

Chakula cha baharini kilikuwa wali na kipapatio cha kuku. Hatua chache kutoka hapo, soko la samaki, watu wanakaanga pweza na kamba kwenye makarai, harufu inakuja mpaka tulipokaa. Nimenunua kwa hela yangu. Pweza alikuwa mtamu sana, nisiseme uongo.

Mwongozaji sasa. Ni yule yule shemeji wa Bunju. Amesimama mbele ya Boma la Wajerumani anatwambia hapo ndipo walipotawalia Tanganyika nzima. Boma lile lilijengwa 1897, na makao makuu walishayahamishia Dar es Salaam tangu 1891! Tukaenda misheni, ile ya Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika 1868, akatwambia Livingstone alifia pale. Binti yangu akanyoosha mkono kama yuko darasani: "Samahani kaka, si alifia Zambia?" Ndivyo. Alikufa 1873, watumishi wake akina Chuma na Susi wakaubeba mwili wake miezi na miezi mpaka pwani, wakafika Februari 1874, ndipo ukavushwa Zanzibar. Watu wametembea na maiti kutoka Zambia mpaka mlangoni pale, na wewe kisa chote unakifuta kwa sentensi moja! Jamaa akajibu, "Kila mtu na historia yake, mdogo wangu."

Kaole nilikuwa naingojea kuliko vyote. Magofu ya msikiti wa karne ya 13, makaburi ya mawe ya matumbawe, mbuyu mkubwa, na mikoko iliyoziba ilikokuwa bandari. Iko kama kilomita 5 tu kusini mwa mji. Tumepewa dakika ishirini. Ishirini, na kumi ni za watu kupiga selfi. Nilikuwa bado nasoma kibao cha kwanza dereva akaanza honi.

Tukarudi mjini kumfuata mtu aliyesahau simu, saa kumi kasoro. Nikatazama pwani. Maji yamejaa mpaka ngalawa zinaelea, watoto wa Bagamoyo wanapiga mbizi, wanacheka. Wa kwangu wamegandisha pua kwenye kioo cha Coaster. Nikamwomba jamaa nusu saa tu. Akasema foleni ya Tegeta itatukuta.

Nimemwandikia anirudishie angalau nusu. Kanitumia sauti ya sekunde nane: "Safari ina changamoto zake, kaka." Halafu akafunga group, anaandika admin peke yake.

Jana kaweka tangazo jipya. Kilwa Kisiwani, kilomita kama 300 kutoka hapa na boti juu yake, kwenda na kurudi siku moja. Kukutana Mbagala saa kumi na mbili kamili.

Watu kumi na wanne wameshalipa.