Mbwa ufukweni Malindi: kamba saa zote, au wawe na saa na sehemu yao?

Bin Buntwani

Hoja yangu ni hii, na naomba ijibiwe kwa hoja. Kuanzia gatini mpaka Silversand na kwenda Casuarina, mbwa asiachwe bila kamba saa yoyote, awe wa mwenyeji au wa mgeni. Kamba isizidi mita 2, na iwe mkononi mwa mtu mzima mwenye nguvu za kumzuia mbwa huyo. Mtoto wa miaka minane kukabidhiwa mbwa anayemzidi uzito hakuhesabiki kuwa ni kumshika.

Ufuko kwetu ni njia. Wavuvi wanapita na ndoo za samaki, vijana wanacheza mpira, watu wanakatiza kwenda kuswali. Hakuna kati yao anayeweza kumtambua mbwa mpole na mkali wakati anawajia mbio. Mwenyewe akipaza sauti kwa mbali, "Usiogope, haumi!", mtoto hasaidiki. Mtoto atakimbia, na kinachokimbia ndicho mbwa anachokifukuza, hata kama nyumbani ni mpole kama kondoo. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa, asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15.

Mamlaka ya kutunga kanuni ipo. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, Sehemu ya Pili, limezipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na maslahi yao, na leseni za mbwa zimetajwa humo waziwazi. Basi hili ni letu, Kaunti ya Kilifi. Hatuna haja ya kungoja Nairobi.

Mfugaji wa Casuarina

Ndugu yangu Bin Buntwani, kuhusu mtoto kushika kamba nakubaliana nawe kabisa. Ninachopinga ni hilo neno "saa yoyote". Mbwa mkubwa aliyefungiwa uani kutwa, kisha akatembezwa dakika 20 kwa kamba ya mita 2, anarudi nyumbani na mori wake wote. Kesho atavuta zaidi na kubwekea kila anayepita. Na mbwa wawili waliofungwa kamba fupi wakikutana uso kwa uso hugombana upesi, maana hakuna anayeweza kumkwepa mwenzake.

Napendekeza wapewe saa: asubuhi saa 12 hadi saa 2, na jioni kuanzia saa 11, kwenye kipande cha upande wa Casuarina pekee. Sharti liwe kwamba mbwa anayefunguliwa ni yule anayekuja akiitwa. Hilo hufundishwa, na wengi wetu tunalifundisha vibaya.

Anza uani. Mwite mara moja tu, akija mpe kipande cha nyama kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Ukimwita mara tano, umemfundisha kuwa nne za mwanzo hazina maana. Akizoea, mfunge kamba ndefu ya mita 10 umpeleke penye watu wachache. Asipokuja usimburute: kaza kamba, rudi nyuma hatua tatu nne, akigeuka msifu. Akifika mahali anakuja mara tisa kwa kumi huku mpira unachezwa mbele ya macho yake, hapo ndipo ufikirie kumfungua. Kosa linaloharibu kazi yote ni kumwita ili umpige, au kumwita mwisho wa matembezi tu ili umfunge. Akishajua wito maana yake raha imekwisha, haji.

Vifaa navyo viangaliwe. Kulabu ya chuma cha kawaida hupata kutu kwa chumvi yetu, ulimi wake ukakwama nusu wazi, na siku mbwa anapojirusha inaachia. Chukua ya shaba ya manjano au ya chuma kisichoshika kutu, na isuuzwe kwa maji yasiyo chumvi kila mkirudi. Zile kamba zinazojikunja ndani ya kasha la plastiki hazifai kabisa ufukweni. Mchanga ukiingia, breki haishiki, na uzi wake mwembamba ukijizungusha mguuni hukata ngozi. Ukosi wa shingoni upitishe vidole viwili, si vitatu. Ukilegea, mbwa anarudi kinyumenyume na kichwa kinatoka. Mwenye mbwa aliyewahi kuuma amvishe kikapu cha mdomoni kinachomwezesha kuhema na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo ni hatari kwa joto hili, kwa sababu mbwa hupoa kwa kuhema.

Mvuvi wa Shela ya Malindi

Mfugaji, mafunzo yako mazuri, lakini saa zako hazijui bahari. Upana wa ufuko haufuati saa ya ukutani, unafuata maji, na maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku.

Chukua bamvua, yaani siku za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Maji hujaa saa 10 hadi saa 11, alfajiri na jioni, na hupwa saa 4 au 5 asubuhi. Saa 11 jioni unayoitaka wewe, penye ukuta kinabaki kipande cha mchanga cha hatua chache baina ya maji na ukuta. Hapo ndipo wenye miguu, wenye baiskeli na mbwa waliofunguliwa watakapobanana. Siku nne baadaye maji ya kujaa yameshasogea hadi karibu saa 2 asubuhi, na yanakula saa zako za asubuhi. Kibao chenye saa kitakuwa kweli wiki hii na uongo wiki ijayo.

La pili ni kasa. Hutaga juu ya mstari wa maji ya kujaa, mara nyingi usiku, mayai mia na zaidi kwenye shimo moja, na mayai hukaa mchangani kama siku 60. Mbwa ananusa, anafukua, na kwa nusu saa shimo zima limekwisha. Anayemwachia mbwa alfajiri upande wa juu penye miti ya mivinje ajue anamwachia sehemu hiyo hiyo.

Maalim

Ndugu zangu, suala la najisi limekuwa likitajwa kwa hasira, na hasira huleta chuki kwa kiumbe asiye na kosa. Naomba tuliweke sawa.

Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi hapa pwani, mbwa ni najisi nzito. Alipogusa kwa umajimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mbwa mkavu akipita kwenye kanzu kavu, hakuna cha kuosha. Tatizo la ufukweni ni mbwa aliyetoka baharini. Anafika juu, anasimama katikati ya watu, anajikung'uta kuanzia kichwani hadi mkiani, na matone yanaruka mita kadhaa. Aliyekuwa anakwenda kuswali magharibi inambidi arudi nyumbani, na akifika swala ya jamaa imempita.

Kwa hiyo ninachowaomba wenye mbwa ni kidogo na kinawezekana. Mbwa akitoka majini azuiwe palepale penye mawimbi mpaka ajikung'ute, ndipo apandishwe. Mkipishana na watu, mbwa awe upande wa maji na nyinyi muwe katikati. Na asinyweshwe kwenye bomba au kata ya msikiti. Mchukulieni chombo chake. Kumnywesha kwenyewe ni thawabu. Hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu mbwa mwenye kiu, akasamehewa, inajulikana na kila mtoto wa madrasa.

Mama Maweni

Nyote mnawazungumzia mbwa wenye wenyewe. Wanaotutisha sisi hawana kamba wala wa kuishika. Alfajiri wanakuwa kundi, sita, saba, wanatoka jaani kuelekea wanakotumbuliwa samaki, na watoto ndio wakati wa kutoka kwenda shule. Bodaboda ikipita wanaikimbiza, dereva akipepesuka abiria anaanguka. Mimi nasema waondolewe wote, kwa sumu au kwa risasi, halafu ndipo mje na habari za kamba. Atakayeniambia si utu, aniambie mtoto anapita wapi.

Daktari wa Mifugo

Mama, hofu yako ni ya haki, na swali la mtoto anapita wapi nalijibu kwanza. Afundishwe kusimama wima kama mti, mikono imekunjwa kifuani, macho chini, asikimbie wala asipige kelele. Kundi likipoteza hamu arudi nyuma polepole bila kuwapa mgongo. Akiangushwa ajikunje, ngumi zifunike masikio na shingo.

Sasa kuhusu kuua. Fanya hesabu nami. Tuseme mtaa una mbwa 100, na 70 wamechanjwa. Asilimia 70 ndicho kiwango ambacho kichaa hushindwa kuenea kati ya mbwa. Ukiua 40 ovyo, katika hao 28 ni wa chanjo, umebaki na 42. Jaa lipo palepale, matumbo ya samaki yapo palepale, na jike hubeba mimba siku 63 tu, huzaa hata mara mbili kwa mwaka. Nafasi 40 zitajazwa na watoto wasiochanjwa na wageni kutoka mitaa ya jirani. Mwakani una mbwa 100 wale wale, ila waliochanjwa ni 42. Umelipia hatari. Sumu nayo haichagui: kuku, paka, na mtoto anayeokota kipande cha nyama, wote wamo.

Kinachopunguza kundi ni mambo matatu yakifanywa pamoja. Jaa lifunikwe na matumbo ya samaki yazikwe au yachukuliwe siku hiyo hiyo. Mbwa huishi mahali kwa kadiri ya chakula kilichopo. Majike wafungwe uzazi na madume wahasiwe, wakiwekwa alama ya sikio ili wasikamatwe tena. Na chanjo itolewe kila mwaka, mtaa mzima kwa siku chache, waliochanjwa wakipakwa rangi mgongoni ili jioni muweze kuhesabu waliobaki. Mbwa wa mtaani hawaletwi kwa mnyororo, wanahitaji watu wawili wenye wavu wa mpini, na wavu utupwe mara moja. Ukikosa, huyo hakaribii tena wiki nzima. Chanjo ibaki kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kampeni nyingi huharibikia hapo: barafu inayeyuka saa 5 asubuhi, sindano zinaendelea hadi saa 9, na mbwa anahesabiwa amechanjwa.

Wenye mbwa nyumbani: chanjo ya kwanza akiwa na miezi 3, na inachukua kama wiki 3 hadi 4 kumkinga. Kuchanja leo kisha kumfungua kesho hakufai.

Na kinyesi, ambacho hakuna aliyekitaja. Mayai ya safura ya mbwa huanguliwa mchangani, na viwavi wake huingia kwenye ngozi ya mguu mtupu na kuchora mistari inayowasha kwa wiki kadhaa. Mchanga unaofunikwa na maji kila siku hauna shida kubwa. Wenye shida ni ule wa juu, chini ya mivinje, wenye kivuli na unyevu, na hapo ndipo familia hutandika mikeka. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na kinyesi kiokotwe kwa mfuko. Kukifukia mchangani ni kuwatengenezea viwavi nyumba.

Muuguzi

Naongeza alipoishia Daktari. Aliyeumwa, au aliyerambwa penye kidonda, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa. Dakika mbili hazitoshi. Asipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa mkwaruzo. Siku hizi sindano huchomwa begani kwa ratiba, siku ya 0, 3, 7 na kuendelea kama atakavyoelekezwa. Zile za tumboni zimeshaachwa, na hofu yake isimzuie mtu. Ngozi ikitoboka na damu ikatoka, aulizie pia kinga inayochomwa kwenye jeraha lenyewe.

Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa salama, asiuawe papo hapo. Afungiwe siku 10. Kama mate yake yalikuwa na virusi siku ile, ndani ya siku hizo ataugua au atafa. Lakini sindano ya kwanza haingoji siku 10. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, ugonjwa huu karibu hauna anayepona.

Amu Kwetu

Salaam kutoka Lamu. Kwetu mbwa ni wachache, lakini vichochoro vingine punda mmoja akipita na mawe ya matumbawe, mtu anajibana ukutani. Hapo mita 2 ni nyingi mno. Mbwa akimrukia punda kisigino, punda anarusha teke na mzigo unamwangukia asiyehusika. Kanuni yenu iseme pia kwamba penye finyu kamba ifupishwe mpaka mbwa awe ubavuni mwa mtu.

Mfugaji wa Casuarina

Mvuvi amenishinda kwenye saa, nakiri. Naziondoa. Nabadilisha hivi: mbwa afunguliwe maji yakiwa yamekupwa tu, kwenye mchanga ulio mbichi, kamwe asiachwe upande wa mivinje. Jedwali la maji lipo, na asiyelisoma aangalie mchanga: kama hakuna mchanga mbichi wa hatua 50, kamba haifunguliwi. Na nakubali mbwa asiye na kadi ya chanjo ya mwaka huu asifunguliwe popote.

Bin Buntwani

Hatua 50 za mchanga mbichi naweza kuzitetea mbele ya watu, maana hata askari wa kaunti anaweza kuzipima kwa miguu yake. Lakini bado siafiki siku za bamvua asubuhi, saa 4. Maji yakipwa hivyo ndipo akina mama na watoto wanapotoka kuokota chaza na kutafuta pweza mwambani, wameinama, hawaoni nyuma. Siku hizo kamba ibaki.

Mvuvi wa Shela ya Malindi

Hapo umesema. Bamvua lina siku kama tatu mwezi ukiandama, na kama tatu ukiwa mpevu. Siku hizo kamba, siku nyingine mchanga mbichi hatua 50. Mama Maweni, na sisi wavuvi tuanze na letu: pipa lenye kifuniko pale tunapotumbua samaki, na zamu ya kulibeba kabla ya magharibi.