Ulimbwende na uhalisia: tofauti yake hasa ni nini?

msomaji_mpya
Habari za jioni wadau, naombeni msaada. Nasoma fasihi mwaka wa kwanza, tumepewa swali la kulinganisha ulimbwende (Romanticism) na uhalisia (Realism) Ulaya karne ya 19. Uhalisia naona ni rahisi, unaandika mambo yalivyo. Ulimbwende ndo unanivuruga, maana mtaani mlimbwende ni yule wa mashindano ya urembo, nikajua basi ni hadithi za mapenzi. Halafu notsi zinasema ulimbwende uliisha ndo ukaja uhalisia, ni kweli?

kalamu_ya_mti
Karibu mdogo wangu. Hilo la mapenzi litoe kichwani kwanza. Walimbwende walikuwa wanapigana na urasimi, yale masharti kwamba tamthilia itokee mahali pamoja, ndani ya siku moja, kicheko kisichanganywe na kilio. Washairi wa Kiingereza Wordsworth na Coleridge walitoa mashairi yao 1798, na kwenye utangulizi wa toleo la 1800 Wordsworth anasema kabisa anataka habari za watu wa shamba kwa lugha wanayoongea watu hasa. Kwa hiyo mkulima kaingia kwenye ushairi kwa mlango wa ulimbwende, hili wengi wanalisahau. Na tamthilia ya Hernani ya Victor Hugo ilipoonyeshwa Paris Februari 1830 ukumbini walizomeana, moja ya lawama ilikuwa mstari wa kwanza tu, eti maneno yamekatwa vibaya yakadondokea mstari wa pili!!

bibi_wa_riwaya
Naongezea hapo kwa kalamu. Mwanangu, ukitaka kuziona zote mbili kwa pamoja soma Madame Bovary, riwaya ya Mfaransa Flaubert. Emma kaolewa na tabibu wa mji mdogo, utotoni shule ya masista alijaza kichwa riwaya za mapenzi na mashujaa, sasa anataka maisha yawe hivyo hivyo, anaishia kwenye madeni na sumu. Kuna sura ya maonyesho ya kilimo naipenda sana, Rodolphe, mwanaume anayemtongoza, anamnong'oneza Emma maneno matamu dirishani huku nje wanatangaza zawadi za wakulima, yeye anaongea mapenzi sauti ya nje inasema mbolea, na Flaubert hasemi kitu anayaacha tu yagongane. Alishtakiwa 1857 kwa kuharibu maadili, akaachiwa.

Ila usiandike kwamba uhalisia ni "mambo yalivyo" ukaishia hapo. Kitabu hicho kilimchukua kama miaka mitano, kila sentensi ameichonga.

kalamu_ya_mti
Kweli kabisa bibi. Na hayo ya "uliisha" msomaji angalia miaka mwenyewe. Stendhal katoa riwaya ya uhalisia, Le Rouge et le Noir, 1830, mwaka ule ule wa Hernani, humo anafananisha riwaya na kioo kinachobebwa barabarani, mara kinaonyesha mbingu mara tope. Na riwaya ya Les Misérables ya Hugo, mlimbwende yule yule wa Hernani, imetoka 1862, miaka mitano baada ya kesi ya Flaubert. Sasa uliisha lini?

msomaji_mpya
Asanteni sana jamani. Hapo kwenye mbolea ndo nimeelewa kuliko semista nzima. Naanza na sura hiyo usiku huu, halafu swali langu nalijenga juu ya Emma, sio juu ya ile orodha ya sifa niliyokariri.