uv, pip au Poetry: ipi inafaa maabara yenye bando dogo?

nyoka_msimbo
Wakuu, natafuta zana ya kusakinisha vifurushi vya Python (maktaba za msimbo) kwenye maabara. Kuna kompyuta 20, zote Ubuntu 24.04, na intaneti ni ya modemu moja ya simu. Wanafunzi wataanza na Flask (ya tovuti) na pandas (ya data), baadaye scikit-learn (ya kufundisha mashine). Vifurushi vishushwe mara moja tu, visambazwe kwa flashi. Nichague ipi?

kamba_ndefu
Kwa bando, pip haina mpinzani, sababu ina amri moja ambayo wenzake hawana. Kwenye mashine yenye mtandao, ukiwa na `requirements.txt` (orodha ya vifurushi):

`pip download -r requirements.txt -d vifurushi`

Nakili folda hiyo kwenye flashi, halafu kila kompyuta tengeneza venv (mazingira ya Python yaliyotengwa kwa mradi mmoja) na usakinishe humo:

`python3 -m venv .venv`
`.venv/bin/pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt`

`--no-index` ndiyo inayoizuia pip kuchungulia nje. Shushia kwenye Ubuntu hiyohiyo, Python hiyohiyo. Ukiona `cp312` kwenye jina la faili, hiyo ni ya Python 3.12. Ukishushia Windows ukapeleka Ubuntu, utaambiwa "No matching distribution found" na faili unaliona hapo kwa macho yako.

Na kwanza `sudo apt install python3-venv`, la sivyo venv inagoma. Mwanafunzi akikimbilia pip nje ya venv atapata kosa la `externally-managed-environment`. Asidanganywe na jibu la `--break-system-packages`. Jina lenyewe linajieleza: kuvunja vifurushi vya mfumo.

kutu_kidogo
Nakubali kuhusu kushusha, ila kusakinisha mwachie uv. Kampuni ya Astral iliitoa 2024, imeandikwa kwa lugha ya Rust, na kasi yake haifanani kabisa na ya pip. Inasoma folda ileile:

`uv venv`
`uv pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt`

Faida kubwa ni diski. Vifurushi vinakaa kwenye akiba ya uv, `~/.cache/uv`, na kwenye ext4 (mfumo wa faili wa diski za Ubuntu) kila mradi unaunganishwa kwa hadilinki tu, yaani jina jingine la faili lilelile. Miradi kumi yenye pandas, nakala moja.

kamba_ndefu
Hapo hapo pana mtego, mkuu. Mwanafunzi akifungua faili la pandas ndani ya `.venv` akaongeza `print`, amebadilisha na lile la akiba, kwa hiyo kila mradi utaanza kupiga kelele. Dawa ni `uv cache clean pandas`, kisha sakinisha upya na `--reinstall`. Au weka `UV_LINK_MODE=copy` tangu mwanzo ukubali kulipa kwa diski.

dirisha_la_saba
Mitego miwili ya uv kwa wanaoanza. Venv yake haiji na pip, hivyo ukiiwasha na kuandika `pip install` unaita pip ya mfumo, na lile kosa la juu linarudi. Tumia `uv venv --seed` kama masomo yameandikwa kwa pip. Pili, mradi ukidai Python isiyopo, uv inaishusha yenyewe bila kuuliza. Bando limeenda. Weka `export UV_PYTHON_DOWNLOADS=never` kwenye `.bashrc` (faili la mipangilio ya terminal).

Siku mtakapotumia mtandao moja kwa moja, ongezeni `UV_CONCURRENT_DOWNLOADS=2` na `UV_HTTP_TIMEOUT=300`. Kawaida ya uv ni kushusha hadi vitu 50 kwa mpigo na kukata baada ya sekunde 30 za kimya. Modemu ya simu haiwezi hayo.

nyoka_msimbo
Na Poetry?

kutu_kidogo
Nzuri kwa timu inayochapisha maktaba. Kwa maabara ni mzigo: hata kutoa `requirements.txt` unahitaji kusakinisha nyongeza ya `poetry-plugin-export` pembeni.

dirisha_la_saba
Kabla hujashusha, andika `scikit-learn`, siyo `sklearn`. Na akitokea wa kuongeza torch (maktaba ya mitandao ya neva), kwenye Linux ya kawaida inakuja na maktaba za CUDA (za kadi za picha za NVIDIA), gigabaiti kadhaa, hata kama mashine haina kadi ya NVIDIA. Shusha toleo lisilo na CUDA, peke yake:

`pip download torch -d vifurushi --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu`

Nafasi iliyobaki kwenye flashi ijaze nyaraka za Python, docs.python.org ina ukurasa wa kuzishusha zote kama HTML ndani ya zip moja.