Tunauziwa simu kubwa na nzito kwa kisingizio cha betri, nasi tunaofanya kazi vijijini tumechoka

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni afisa ugani katika vijiji vya Wilaya ya Bahi, na simu ndiyo kitendea kazi changu kikuu. Kwa simu hiyo ninapiga picha za mtama ulioshambuliwa na viwavijeshi, ninachukua alama za mipaka ya mashamba, ninawatafuta wenyeviti wa vijiji, ninatuma taarifa wilayani kwa WhatsApp, na jioni ninalipia mafuta ya pikipiki kwa simu hiyohiyo. Ninachotaka si anasa. Ninataka simu janja inayoenea kwenye mfuko wa shati, inayotumika kwa mkono mmoja, inayokaa na chaji kuanzia alfajiri mpaka usiku, na ambayo mtumishi wa mshahara wa kawaida anaweza kuinunua bila kukopa. Simu ya namna hiyo sijaiona kwenye duka lolote la Dodoma.

Zunguka Majengo, zunguka Sabasaba, ingia maduka ya katikati ya mji, utaoneshwa kitu kilekile: kioo cha inchi 6.6 au 6.7, betri ya mAh 5,000 (mAh ni kipimo cha kiasi cha chaji ambacho betri inabeba), uzito unaokaribia gramu 200, bei kati ya Sh 250,000 na Sh 400,000. Kampuni zinatofautiana majina, rangi za mgongo zinatofautiana, umbo ni moja. Ukiuliza kama ipo ndogo, unatolewa kitochi. Ukisisitiza kwamba unataka simu janja, muuzaji anakujibu kwa uhakika wote kwamba ndogo hazikai na chaji, na kwamba anayetaka chaji hana budi kukubali ukubwa. Jibu hilo linanikera kuliko bei yenyewe, kwa sababu ni nusu ya ukweli, na nusu inayofichwa ndiyo inayotuumiza.

Nusu iliyo kweli ni kwamba betri ya lithiamu haina miujiza. Kwa teknolojia ileile, ukitaka nishati zaidi utaongeza ujazo na utaongeza uzito. Betri ya mAh 5,000 hubeba takriban wati-saa 19, na yenyewe peke yake huwa na gramu sabini hivi, yaani karibu theluthi ya uzito wa simu nzima. Hilo silibishii.

Nusu inayofichwa ni kioo. Inchi za kioo hupimwa kwa mshazari, kutoka kona hadi kona, ndiyo maana tofauti ya inchi moja inaonekana ndogo ikiandikwa kwenye boksi. Pigeni hesabu ya eneo lake. Kioo cha inchi 6.7 chenye uwiano wa 20 kwa 9 (urefu kwa upana) kina sentimita za mraba zipatazo 108, wakati kile cha inchi 5.4 kilichokuwa kwenye iPhone 13 mini ya mwaka 2021 kina zipatazo 72. Kikubwa ni mara moja na nusu ya kidogo, na eneo hilo lote lazima liangazwe. Simu nyingi za bei yetu zina kioo cha LCD, ambacho taa zake za nyuma huwaka kwa kioo kizima hata pale panapoonekana peusi, tofauti na kioo cha OLED ambacho kila nukta ya picha huwaka peke yake, na zilizo nyeusi huzimika kabisa. Sasa simama katikati ya shamba Chipanga saa saba mchana, kwenye jua la Dodoma tunalolijua, ujaribu kusoma ujumbe: utapandisha mwanga mpaka mwisho, na hata hivyo utakinga kioo kwa kiganja ili uone. Betri wanayotusifia inaanza kwa kulisha kioo ambacho sikukiomba, na kinachobaki ndicho changu.

Simu niliyo nayo niliuziwa kwa maneno kwamba inakaa na chaji siku mbili. Ikifika saa tisa alasiri nikiwa bado vijijini, inaanza kunionya. Nilipoirudisha dukani kulalamika, niliambiwa kwamba ninaitumia sana. Simu ya kazi inatakiwa itumikeje, kama si sana? Muuzaji hakuwa na haja ya kujua kwamba mahali palipo mbali na mnara simu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili ishike mtandao, na kwamba ukiwa na laini mbili zote zinatafuta mtandao kwa wakati mmoja. Wala hakutaja kwamba prosesa za simu nyingi za bei hii zimetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 12, wakati simu ghali zilikwishafika nanomita 3 tangu mwaka 2023; kadiri namba hiyo inavyokuwa ndogo ndivyo prosesa inavyokula umeme kidogo, kwa hiyo yetu inakula umeme mwingi zaidi kwa kazi ileile. Mteja anaoneshwa namba kubwa ya mAh, na kila kinachoitafuna namba hiyo kinanyamaziwa.

Na huo ukubwa una adha zake ambazo hakuna tangazo linalozitaja. Ninashika jani kwa mkono wa kushoto ili kamera ione upande wa chini walipo wadudu. Mkono wa kulia umeshika simu, na kidole gumba hakifiki kwenye kitufe. Inabidi niisogeze simu kiganjani, na hapo ndipo inapoteleza. Nikiinama kwenye mstari wa mtama, inachungulia nje ya mfuko wa shati kisha inaanguka kifudifudi kwenye changarawe. Dada mmoja tunayefanya naye kazi ana mikono midogo kuliko yangu na nguo zake nyingi hazina mfuko wa maana, kwa hiyo simu inakaa ndani ya mkoba, na wakulima wanalalamika kwamba hapokei. Watengenezaji hawa wanadhani nani anazitumia simu zao?

Kila ninapolisema hili ninajibiwa kwamba simu ndogo zilijaribiwa na watu wakazikataa. Mfano unaotolewa ni huohuo wa Apple, iliyotoa iPhone 12 mini mwaka 2020 na 13 mini mwaka uliofuata, kisha mwaka 2022 ikaacha kutoa mini mpya. Lakini simu hizo zilianza kuuzwa kwa dola 699 za Marekani, na ile ya kwanza ilikuwa na betri ya mAh 2,227 tu. Watu walikataa kulipa fedha nyingi kwa simu inayozimika mapema. Anayesema walikataa udogo anajisemea mwenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Sony ilitoa Xperia Z3 Compact: kioo cha inchi 4.6, betri ya mAh 2,600, uzito wa gramu 129, na ilisifika hasa kwa kukaa na chaji, kwa sababu kioo chake kilikuwa kidogo na hakikujazwa nukta kupita kiasi. Toleo la mwisho la Compact lilikuwa XZ2 Compact ya mwaka 2018. Njia ilikuwepo, ikaachwa.

Sitaki kusikia pia kuhusu simu nyembamba. Mwaka 2025 Samsung ilitoa Galaxy S25 Edge yenye unene wa milimita 5.8 na betri ya mAh 3,900, na Apple ikatoa iPhone Air yenye milimita 5.6 kwa dola 999, pamoja na betri ya kubandika mgongoni inayouzwa kando kwa dola 99. Unalipia wembamba, halafu unalipia tena kuuondoa. Na zote mbili bado zina kioo cha kuanzia inchi 6.5.

Ushauri wa kununua pawabenki nao naomba mniepushe nao. Ni mzigo mwingine mfukoni kwa mtu anayelalamikia uzito, na namba iliyoandikwa juu yake sizo chaji unazopata, kwa kuwa umeme wake hupandishwa kutoka volti 3.7 hadi 5 na mwingine hupotea kama joto. Pawabenki ya mAh 10,000 hutoa kama 6,000 hivi, tena hapo ninaizungumzia ile ambayo haijaandikwa uongo.

Kinachonitia hasira zaidi ni kwamba teknolojia ya kututoa kwenye mkwamo huu ipo tayari. Tangu mwaka 2023, Honor ilipoiweka kwenye Magic5 Pro ya soko la China, kumekuwa na betri za silikoni na kaboni, ambazo hutunza nishati zaidi katika ujazo uleule kuliko zile za kawaida za grafati tupu. Aprili 2025 OnePlus ilitoa 13T nchini China: inchi 6.32, gramu 185, betri ya mAh 6,260. Kwangu bado ni kubwa, na bei yake si yetu, lakini inavunja kabisa hoja ya kwamba betri kubwa lazima ije na kioo kikubwa. Teknolojia hiyo ikishuka kwenye simu za bei yetu, ninahofu itatumika kuandika mAh 7,000 kwenye boksi lenye kioo cha inchi 6.9, kwa sababu hizo ndizo namba zinazouza.

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, wanataka kila simu mpya inayoingia sokoni iwe na lebo inayoonesha saa na dakika ambazo betri inadumu kwa chaji moja kwa kipimo cha pamoja, na wanataka betri ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800. Ninaiomba TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na wizara inayohusika walete utaratibu wa namna hiyo Tanzania. Leo ninaweza kubonyeza *#06# na kutuma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 nikajua kama simu ni halali, lakini sina njia yoyote ya kujua, nikiwa nimesimama dukani na fedha zangu mkononi, kama itafika jioni. Boksi liandike saa. Liandike na gramu, kwa sababu nimegeuza maboksi mengi upande kwa upande na uzito sijauona.

Waagizaji na wauzaji mliomo humu, nawaomba mjibu kwa nini hamleti hata aina moja ya simu ndogo yenye betri ya maana, na msiniambie kwamba hazikai na chaji, jibu hilo nimekwisha kulisikia. Na mwanajukwaa yeyote aliyeona Dodoma, Singida au hata Morogoro simu janja mpya isiyozidi inchi 6 na gramu 170, yenye betri ya kuanzia mAh 4,000, kwa bei isiyovuka Sh 400,000, tafadhali aweke hapa aina yake na bei aliyotajiwa.