Naomba ushauri: copy-on-write ya xv6 inapasuka prosesa zikiwa tatu

Kinda_la_Keneli
Wakuu, habari za jioni. Najifunza mifumo endeshi kwa xv6, ile keneli ndogo (kiini cha mfumo endeshi) ya kufundishia ya MIT. Nimekwama wiki ya pili kwenye zoezi la copy-on-write: `fork`, wito unaozaa mchakato mtoto, hainakili kumbukumbu, mzazi na mtoto wanatumia kurasa (vipande vya kumbukumbu) zilezile hadi mmoja wao aandike. Kila ukurasa nimeuwekea hesabu ya wanaoutumia.

Kwa `CPUS=1` (prosesa moja), cowtest, programu ya kupima zoezi hili, inapita yote. Nikirudisha tatu, mara inapita, mara keneli inasimama na `panic: kerneltrap`, scause (sababu ya kosa) 0xd, yaani kusoma anwani isiyo halali, stval (anwani yenyewe) 0x0505050505050505, na sepc (agizo lililokosea) inaangukia ndani ya kalloc, inayogawa kurasa. Nikiweka printf nione kinachotokea, tatizo linapotea kabisa. Kwenye kfree, inayoachia kurasa, nimeandika hivi:

```
__sync_fetch_and_sub(&hesabu[i], 1);
if (hesabu[i] > 0)
  return;
```

Nakosea wapi? Nimechoka, lakini sitaki kuliacha.

Fundi_C
Pole mkuu. Hizo 05 zimeshakujibu. Fungua kalloc.c: kfree hujaza ukurasa baiti za 1, kisha huandika mwanzoni mwake anwani ya ukurasa huru unaofuata. Anayejaza za 5 ni kalloc peke yake. Kwa hiyo huo ukurasa ulishagawiwa, na bado umo kwenye orodha ya kurasa huru. Umeingizwa mara mbili.

Fuatilia. Hesabu ni 2. Prosesa A inapunguza, inabaki 1. Kabla A haijafika kwenye `if`, B nayo inapunguza, inabaki 0. Sasa A inasoma 0, B inasoma 0, zote mbili zinauachia ukurasa uleule. Kupunguza kwako ni salama, kusoma tena ndiko kunakokuponza. Tumia jibu la kupunguza kwenyewe:

```
if (__sync_sub_and_fetch(&hesabu[i], 1) > 0)
  return;
```

Linux nayo ina `atomic_dec_and_test`, inayopunguza na kupima kwa hatua moja, kwa sababu hiyohiyo.

Binti_Mifumo
Naunga mkono. Kuhusu printf: inashika kufuli lake na ni nzito, hivyo prosesa zinapanga foleni na ule mwanya unazibika. Hapo hujaponya kitu.

Angalia pia unapohudumia kosa linalozuka mmoja akiandika kwenye ukurasa wa pamoja. Nakili kwanza, ndipo uite kfree kwa ukurasa wa zamani. Ukitangulia kuachia, mwenzako anabaki peke yake na hesabu 1, anaruhusiwa kuandika, nawe unanakili data aliyokwisha kuibadilisha. Hilo halitoi panic, linaharibu data kimyakimya, nami liliwahi kunila siku nne.

Kinda_la_Keneli
Dada, umenishika palepale. kfree yangu ilikuwa juu ya memmove, ile inayonakili.

Nimerekebisha yote mawili, nimeondoa printf zote. cowtest nimeizungusha tangu alfajiri kwa prosesa tatu, haijaanguka hata mara moja, na usertests, majaribio ya jumla ya xv6, imepita. Asanteni sana, wakuu. Kesho naipitia copyout, inayopeleka data kutoka keneli kwa programu, maana nayo inapunguza hesabu.