Hati ya mtu au hati ya jamii: ipi itaulinda mpaka wa shamba huko Lamu?

MADA: Mradi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa 2012, na tangu hapo madalali wa ploti hawalali. Wengi wanaolima upande wa bara wa kaunti hawana hati. Serikali ikate skimu (mradi wa kugawia watu ploti za ardhi ya serikali) kila kaya ipate hati yake, au ardhi isajiliwe kwa jina la kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016?

JEMBE, HINDI (LAMU): Hati ya mtu mmoja mmoja, wala sipepesi macho. Ardhi ya serikali ukiikalia hata miaka 40 huipati kwa ukaazi. Ile kanuni ya miaka 12 ni ya ardhi ya mtu binafsi. Ya umma imetolewa na sheria yenyewe. Tazameni skimu ya Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, iliyoanza miaka ya 1970: watu wanarithishana na kukopa kwa hati. Anayengoja kijiji kizima kikubaliane atangoja sana.

BI MNAZI, MALINDI: Ndugu yangu Jembe, huku kwetu hati za watu binafsi ndizo zilizozaa maskwota. Sheria ya 1908 ilimtaka kila mwenye dai katika ukanda wa pwani alipeleke kwa msajili. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Mfalme. Mwenye karatasi akapata cheti. Mgiriama aliyelima bila karatasi hakupata kitu. Ndiyo maana hadi leo minazi na nyumba ni vya huyu, udongo ni wa yule. Mnazi hauna daftari kwa msajili. Mwenye cheti akiuza, mnunuzi anadai mchanga na kila kilichosimama juu yake, na mkulima anabaki kubembeleza fidia ya miti. Hati humlinda aliyeandikwa. Asiyeandikwa humng'oa.

MPIMAJI: Nyote mnaizungumzia karatasi ya mwisho, na mambo huharibika kabla haijachapishwa. Kuna njia mbili, watu huzichanganya. Penye uamuzi wa haki za ardhi, kamati ya wenyeji husikiliza madai, mipaka huonyeshwa shambani, kisha daftari hufunguliwa siku 60 watu wapinge. Usiporidhika, una siku 60 nyingine za kukata rufaa kwa waziri. Skimu haiendi hivyo. Ardhi imeshahesabiwa ya serikali, kwa hivyo aliyezaliwa hapo si mdai, ni mwombaji kama waombaji wengine. Orodha ikitoka bila jina lake, hana daftari la kupinga. Hata mwenye bahati hupewa barua ya mgao kwanza. Aikubali, alipe ndani ya muda ulioandikwa, upimaji umalizike, ndipo asajiliwe. Wengi hukomea kwenye barua na kuiuza hivyo hivyo. Mahakama ya Juu ilisema 2023 kwamba barua ya mgao si umiliki, na mwaka huohuo, katika kesi ya ploti ya Nyali, ikasema hata hati haimkingi mnunuzi ikiwa chanzo chake ni kibovu. Kwa hivyo upekuzi wa jina la mwenye ploti wa leo hautoshi. Rudi nyuma, mauzo kwa mauzo, hadi mgao wa kwanza, uulize ulitolewa na nani na kwa mamlaka gani.

BI MNAZI: Julai 2014 Rais alitangaza kufutwa kwa hati za ekari 500,000 Lamu, za kampuni 22. Zote zilikuwa na mihuri.

JEMBE: Mbovu zifutwe, Bi, sina ugomvi. Lakini ardhi ya jamii isiyosajiliwa inashikwa na kaunti kwa amana, na ikitwaliwa kwa barabara, hata fidia inashikwa na kaunti mpaka jamii isajiliwe. Na jamii yenyewe ni nani? Mbajuni, Mboni, Muorma, au na aliyehamia 1975?

MPIMAJI: Katiba haikutaja kabila peke yake, kuna utamaduni, na kuna maslahi yanayofanana. Kazi iko kwenye daftari la wanachama. Likiandikwa na watu watatu barazani kwa chifu, kesi iko njiani. Kamati ya ardhi ya jamii ni ya watu 7 hadi 15, ila kuiuza ardhi haiwezi mpaka theluthi mbili ya wanachama waridhie.

BI MNAZI: Na kaya yaweza kutengewa shamba lake humo humo, ilitumie peke yake.

JEMBE: Bila hati yake mbali. Nenda nalo benki, uone kama watakukaribisha kiti.