Tupeane uzoefu: maelezo ya keki yakitaja kitu usichokijua, wewe hutumia nini badala yake?

Mama Iliki, Tanga: Dada yangu anayeishi Uingereza amenitumia maelezo ya keki yanayotaka sukari ya kasta, unga unaojiumua wenyewe na batamilki, yaani maziwa mepesi machachu. Sukari ya kasta ni sukari yetu ya chai iliyosagwa kidogo bila kufikia kuwa vumbi, kwa hiyo blenda inatosha. Unga huo nao ni kikombe cha unga wa ngano wa kawaida, kijiko kimoja na nusu cha chai cha bekingi poda na chumvi kidogo. Badala ya batamilki nilitia mtindi uliozimuliwa kwa maji. Wenzangu hufanyaje?

Mzee wa Oveni: Mimi hutia vijiko viwili vya bekingi poda, si kimoja na nusu.

Bi Mkate, Mombasa: Mimi hukamulia kijiko kikubwa kimoja cha ndimu ndani ya kikombe cha maziwa, nikayaacha dakika 10 hivi hadi yakatike. Tafadhali msitie maziwa matupu pale palipoandikwa batamilki, kwa sababu bekingi soda huhitaji uchachu ndipo itoe hewa ya kuumua keki. Ikiukosa, keki hubaki nzito na soda yenyewe hubaki mdomoni.

Mwana wa Moshi: Bi Mkate umenikumbusha kipaimara cha binamu yangu. Mama mdogo alimtuma kijana dukani alete bekingi soda, na muuzaji, ambaye hakuwa nayo wala hakutaka kumpoteza mteja, akamfungia kwenye gazeti magadi yaleyale ya kulainishia maharage, akaapa kwamba ni kitu kimoja. Keki ilitoka na rangi ya manjano iliyopauka, na mama mdogo akaisifu akidhani ni mayai ya kienyeji. Ilipokatwa mbele ya wageni, harufu ya sabuni ilimfikia mpiga picha kabla hajainua kamera. Binamu alitema kipande chake kwenye leso nyeupe aliyopewa na msimamizi wake, ilhali paroko alikula chake chote bila kukunja uso, kisha akaomba maji, akaomba tena.

Mzee wa Oveni: Paroko huyo apewe uaskofu.

Shangazi wa Bukoba: Magadi yana ukali kuliko bekingi soda, ndiyo maana hata maharage yakizidishiwa huwa hayaliki. Kama soda haipo, afadhali utie bekingi poda kiasi cha mara tatu ya soda iliyotajwa.

Binti Unguja: Mimi shida yangu ni vanila. Dondoo halisi ya vanila inayouzwa Marekani hutakiwa kisheria kuwa na alkoholi isiyopungua asilimia 35, kwa hiyo nyumbani kwetu tunatia iliki na kungumanga.

Mzee wa Oveni: Alkoholi yote huisha motoni.

Binti Unguja: Haiishi yote, na sikuomba ruhusa yako.

Mama Iliki, Tanga: Hukumu tuwaachie masheikh, sisi tuzungumze ladha.

Shangazi wa Bukoba: Huku Kagera tunalima vanila. Pasua ganda lake, kwangua mbegu zake nyeusi, uzifukie pamoja na ganda lenyewe kwenye kopo la sukari kwa wiki kadhaa. Hutahitaji chupa yoyote.

Mwana wa Moshi: Na sukari ya kahawia yenye unyevunyevu?

Bi Mkate, Mombasa: Sukari guru iliyoparwa.

Binti Unguja: Sukari guru nyingine ina chumvichumvi, ionje kwanza. Na krimu ya tartari, ule unga mweupe mchachu, je?

Shangazi wa Bukoba: Ikiwa ni ya kushikiza povu la ute wa mayai, nusu kijiko cha chai cha maji ya ndimu kwa kila ute kinatosha, mradi bakuli lisiwe na tone la mafuta.

Mzee wa Oveni: Kijiko kizima.